Flashi Feki, Hesabu za Chama na Historia ya Kuwasha Linux Bila CD

Nilinunua flashi ya GB 64 kwa shilingi mia nne, hapa mjini, karibu na stage. Kama unazijua bei za flashi, najua ushacheka. Mimi sikucheka. Niliona bahati. Mji wenyewe tunauita Sisibo, kutokana na ile namba 64 ya shamba la zamani, na flashi nayo ni 64. Nikasema hii ni ishara.

Kumbe ndani ilikuwa na GB 2 hivi, na chipu iliyofundishwa kudanganya. Ukiichomeka, kompyuta inaambiwa kuna GB 64. Ukiweka faili inakubali bila maneno. Siku ukirudi kuitafuta, nusu imeenda na maji.

Hiyo ilikuwa 2022, niko chuo. Na sababu iliyonifanya nitafute flashi ndiyo hii stori yote.

Laptopu yangu ni ya mtumba, imetoka Uingereza, stika ya ofisi ya wenyewe bado iko chini yake. Haina mahali pa kuweka CD. Betri yake ni pambo tu: ukitoa waya, inazima saa hiyo hiyo. Nilikuwa nimeweka Linux Mint kwa sababu Windows ilikuwa inachukua dakika kumi kuamka. Jumanne usiku nikaanza kusasisha mfumo, na katikati ya hiyo kazi stima ikapotea. Iliporudi, laptopu ilifika kwenye ile menyu ya kuchagua mfumo, nikabonyeza, ikamwaga mistari mingi meupe kwenye skrini nyeusi, ikasimama. Nikachagua kerneli ya zamani. Ile ile.

Sasa, ndani ya hiyo laptopu kulikuwa na hesabu za chama cha mama. Wanawake kumi na wanane, michango ya miaka miwili, nani amekopa, nani amelipa, nani ana faini ya kuchelewa. Kitabu cha karatasi kilikuwa kimenyeshewa mwaka uliotangulia, na mimi, msomi wa nyumba, nikajitolea kuhamishia kila kitu kwa kompyuta. Mama aliniuliza siku hiyo, "Na hii yako haiwezi kuharibika?" Nikamwambia, "Mama, hii ni kompyuta." Jumapili ilikuwa siku ya kugawana.

Nakala ya akiba ilikuwa wapi? Tafadhali usiniulize.

Nilichohitaji kilikuwa kitu kimoja: Linux nyingine, nzima, ya kuwasha hiyo mashine kwa muda ili niingie nichukue faili. Na hiyo Linux nilikuwa nayo. ISO ya Mint, GB 2 na ushee, niliipakua kwa wifi ya chuo wiki mbili kabla. ISO ni taswira ya diski, yaani CD au DVD nzima iliyokunjwa ndani ya faili moja. Shida ni kwamba ilikuwa imekaa ndani ya hadi diski ya laptopu ile ile iliyokataa kuwaka. Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba. Nikaazima laptopu ya jirani, nikapakua ISO tena kwa bando yangu, nikaiweka kwa ile flashi ya mia nne, na nishakuambia ilivyoisha.

Msee mmoja wa hosteli, ako mwaka mmoja mbele yangu, akaniuliza swali moja tu: "Kwani menyu ya GRUB bado inafunguka?" Nikasema ndiyo. "Basi hujafa. Washa hiyo ISO ikiwa hapo hapo ilipo."

Sikuwa najua hiyo kitu inawezekana. Na nilipoanza kufuatilia imetoka wapi, nikagundua ni historia ndefu, na karibu kila hatua yake ilianzishwa na mtu aliyekuwa amekosa kitu.

Kwanza, mlango ulikuwa mmoja

Linus Torvalds alitangaza mradi wake Agosti 1991, akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Linux ya miaka hiyo iliwashwa kwa diski laini, zile za mraba unazoziona sasa kama alama ya kuhifadhi faili. Diski ya kwanza inaamsha kerneli, ambayo ndiyo moyo wa mfumo. Ya pili inabeba vitu vingine. Ikiharibika moja, umerudi mwanzo.

CD zilikuwepo. Mpangilio wa faili zake, ISO 9660, ni wa 1988, na jina la faili za ISO linatoka hapo. Lakini kompyuta haikuwa na njia ya kawaida ya kujiwasha kutoka kwa CD. Njia hiyo ilikuja 1995, kampuni za Phoenix na IBM zilipotoa kanuni inayoitwa El Torito. CD ikajifunza kujitambulisha kwa kompyuta kwamba "nina kitu cha kuwasha hapa."

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na kitu kidogo ambacho ndicho mzizi wa hii stori. Machi 1993, Theodore Ts'o, mmoja wa waandishi wa kwanza wa kerneli ya Linux, aliandika programu ndogo iitwayo loop. Kazi yake ni kuifanya Linux iichukulie faili ya kawaida kana kwamba ni diski. Una faili ya ISO kwenye folda? Loop inaishika, inaifungua, na mfumo unaona CD imewekwa, ingawa hakuna CD yoyote.

Fikiria hilo vizuri. Tangu 1993, Linux ilijua kwamba CD si lazima iwe plastiki ya duara. Kilichobaki ni kulifanya hilo mapema zaidi, kabla mfumo wenyewe haujaamka.

Na kulikuwa na watu tayari wanawasha Linux kutoka kwa hadi diski kwa njia za kando. Programu ya loadlin iliiamsha Linux kutoka ndani ya DOS: uko kwenye mfumo wa Microsoft, unaandika amri, mashine inahama. UMSDOS nayo iliiruhusu Linux kuishi ndani ya folda ya DOS, bila kukata diski vipande. Hizi zilikuwa za mtu mwenye kompyuta moja ambayo hawezi kuifuta, labda ni ya baba, labda ni ya kazi. Unamjua huyo mtu. Pengine ni wewe.

Anayehesabu hatua na anayesoma ramani

Hapa kuna tofauti moja ambayo mtu asipoielewa, mengine yote yatakuwa uchawi kwake.

Kompyuta ikiwaka, kuna programu ndogo inayotangulia, kazi yake ni kuitafuta kerneli na kuiamsha. Zamani kwa Linux hiyo programu ilikuwa LILO. LILO haikujua kusoma folda. Ilikuwa inakariri namba za mahali kerneli ilipolala kwenye diski. Ni kama mtu anayejua njia ya kwenda kwao kwa kuhesabu hatua: mia mbili mbele, geuka kushoto, hamsini tena. Ukisogeza mlango kidogo tu, anagonga ukuta. Ndiyo maana kila ukibadilisha kerneli ilibidi uifundishe LILO upya.

Mwaka 1995, Erich Boleyn alianzisha GRUB. GRUB inasoma mpangilio wa faili yenyewe. Haihesabu hatua, inasoma ramani. Inaweza kuingia kwenye diski, ikaorodhesha folda, ikachagua faili, kabla Linux wala Windows haijaamka. Na ukibonyeza herufi "c" kwenye menyu yake, inakupa mahali pa kuandika amri kwa mkono. Mfumo wako unaweza kuwa umevurugika kabisa, na GRUB bado iko hapo mlangoni, macho.

Ndiyo maana yule msee wa hosteli aliniuliza kuhusu menyu.

Mjerumani aliyekunja GB 2 ndani ya CD

Mwaka 2000, Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix. Haikuwa Linux ya kwanza kukimbia kutoka kwa CD, lakini ndiyo iliyowafanya watu wengi waamini. Alizibana programu za karibu GB 2 zikaingia kwenye CD ya MB 700, na mashine ikawaka na kila kitu: picha, sauti, intaneti, ofisi. Ukizima na kutoa CD, kompyuta inarudi ilivyokuwa. Mafundi waliipenda kwa sababu iliokoa mashine zilizokataa kuwaka.

Knoppix baadaye ikaongeza amri unazoandika wakati wa kuwasha, na mojawapo ilikuwa bootfrom. Unaiambia: CD imekuamsha tu, mwili wenyewe usome kutoka kwa hii ISO iliyoko kwenye hadi diski. Kwa nini? Kwa sababu vifaa vya CD vilikuwa polepole na vilikuwa vinakufa. Diski ilikuwa na kasi zaidi. Pale ndipo ISO ilianza kukimbia ikiwa imekaa kwenye diski kuu, ingawa bado ilihitaji CD ya kupiga mlango.

Mfumo wa kusimika Debian nao ulikuwa na njia yake: unaiweka kerneli na faili moja ya msaada kwenye diski, mashine ikiamka inatafuta yenyewe, sehemu baada ya sehemu, kama kuna ISO ya Debian mahali popote. Kile kipande kinachotafuta kinaitwa iso-scan. Kumbuka hilo jina.

Bahasha kwa 30100

Sasa turudi nyumbani kidogo.

Oktoba 2004, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilitoa Ubuntu ya kwanza. Jina lenyewe halihitaji mkalimani hapa kwetu, ni utu. Lakini kilichowafikia watu wengi kilikuwa ShipIt: unajaza anwani yako, wanakutumia CD kwa posta, bure, popote duniani. Ulikuwa unaweza kukaa Eldoret, kuandika sanduku lako na 30100, na bahasha ifike. Binamu yangu mkubwa alipata yake. Mfuko wa CD bado uko kwa shangazi, umetumika miaka kama kiegemeo cha kikombe.

Kwa nini posta na si intaneti? Piga hesabu na mimi. Kabla ya 2009 intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ghali na polepole. Chukulia saiba yenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, yote peke yako, hakuna mwingine anayefungua barua pepe. ISO ya MB 700 ingekuchukua saa 24 na zaidi kidogo. Kwa shilingi moja kwa dakika, hiyo ni karibu shilingi 1,460, kama mwenye saiba atakubali kulala na wewe hapo, na kama stima haitapotea. CD ya posta haikuwa ushamba. Ilikuwa ndiyo bando kubwa kuliko zote mjini.

ShipIt ilifungwa Aprili 2011. Na hakuna aliyelia sana, kwa sababu ya mwaka mmoja.

2009

Kama ningekuwa natunga mtihani wa historia ya kompyuta Kenya, swali la kwanza lingekuwa: ni nini kilitokea 2009?

Juni, kebo ya TEAMS ikafika Mombasa. Julai, SEACOM ikaanza kufanya kazi. Kenya ikaacha kutegemea setilaiti peke yake na ikashikwa na dunia kwa nyuzi chini ya bahari. Kutoka Mombasa nyuzi zikapanda bara, Nairobi, Nakuru, hadi huku kwetu juu. Kupakua MB 700 kukaanza kuwa kitu cha jioni moja, halafu saa moja.

Na Oktoba ya mwaka huo huo, Ubuntu 9.10 ikatoka na GRUB mpya, ile ya pili, kama chaguo lake la kawaida. GRUB hiyo ilikuwa na amri iitwayo loopback. Ni wazo lile lile la Ts'o la 1993, limeletwa mbele kabisa ya mlango: GRUB yenyewe inaweza kufungua ISO na kuisoma ndani, bila kuichoma popote.

Kwa hivyo katika mwaka mmoja tulipata njia ya kuipata faili na njia ya kuiwasha faili. Sidhani waliopangia kebo na walioandika GRUB waliwahi kujuana. Lakini kwa kijana wa Eldoret asiye na CD wala flashi, hizo ni nusu mbili za kitu kimoja.

Makanga na barua mfukoni

Usiku ule wa 2022 nilibonyeza "c", nikaandika ls, GRUB ikanionyesha sehemu za diski. Nikatafuta, nikaiona ISO yangu imekaa tu, mzima wa afya. Maze, nilihisi kama nimeona mtu wa nyumbani stage ya Nairobi.

Nikaandika amri ya loopback. Ikakubali. Nikaiambia ichukue kerneli kutoka ndani ya ISO. Ikakubali. Nikabonyeza boot, mashine ikaanza, nikasimama kabisa kwa furaha. Halafu ikasimama na yenyewe. Ikalalamika kwamba haioni mahali popote penye mfumo wa kuendelea nao.

Sikuelewa. Si imeamka kutoka kwa hiyo ISO? Inawezaje kusema haioni kitu ambacho imetoka ndani yake?

Yule msee akanieleza hivi, na sijawahi kupata maelezo bora. Umepanda matatu kutoka Nairobi, unakuja kumtembelea mtu Eldoret mara ya kwanza. Makanga anajua njia yote. Anakushusha stage, anagonga gari, matatu inaondoka. Sasa umesimama peke yako. Makanga alijua, lakini makanga ameenda. Kama huna barua mfukoni inayosema nyumba iko wapi, utalala stage.

GRUB ni makanga. Inaijua ISO iko wapi. Lakini kerneli ikishaamka, inashika mashine yote na GRUB inaondoka na kila ilichokijua. Kerneli inaanza upya, inatafuta CD, haioni, inatafuta flashi, haioni. Barua ya mfukoni ni maneno unayoongeza kwenye amri: iso-scan/filename, halafu njia ya faili. Ndiyo, iso-scan ile ile ya Debian. Inamwambia mgeni: usitafute CD, nenda kwenye diski, fungua faili hii.

Hivi ndivyo nilivyoandika mara ya pili:

loopback loop (hd0,msdos1)/home/mimi/mint.iso
linux (loop)/casper/vmlinuz boot=casper iso-scan/filename=/home/mimi/mint.iso
initrd (loop)/casper/initrd.lz
boot

Kwako namba na majina yatakuwa tofauti. Bonyeza Tab, GRUB itakumalizia majina kama simu. Na si kila Linux inatumia barua hiyo hiyo. Debian ya kukimbia bila kusimikwa, kwa mfano, inataka findiso.

Dakika mbili baadaye nilikuwa naangalia skrini ya Mint, safi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kuna zawadi ambayo sikuitarajia: mfumo ukiwaka kwa njia hii, ile sehemu ya diski yenye ISO inafunguliwa kwenye folda iitwayo isodevice. Sikuhitaji hata kutafuta. Niliingia isodevice, home, mimi, na hapo hapo hesabu za chama zilikuwepo, wanawake wote kumi na wanane na faini zao. Nikawasha hotspot ya simu, nikajitumia kwa barua pepe, nikatuma kwa binamu, nikatuma kwa mama ambaye hata hafungui barua pepe. Nilikuwa nimeogopa vya kutosha.

Maoni yangu, sasa

Kuna wasee wataniambia hii ni kazi ya bure. Siku hizi kuna Ventoy, tangu 2020: unanunua flashi moja nzuri, unarundika ISO ndani, unachagua. Ni kweli. Ventoy ni poa, naitumia. Lakini angalia inachofanya: inaziacha ISO zikiwa faili na inaziwasha zilivyo. Ni mtoto wa historia hii hii. Na bado inahitaji flashi, na flashi halali, na usiku wa Jumanne maduka yamefungwa.

Kuna kubwa zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Tembea madukani ya laptopu za mtumba hapa mjini, uangalie vizazi. Nyingi ni za nne, tano, sita. Ni mashine nzima, kibodi nzuri, skrini nzuri, zimeambiwa zimekufa na mtu aliye mbali. Kuna nyumba ambayo hiyo ndiyo kompyuta pekee. Kuna mzazi aliyeuza magunia ya mahindi kuinunua.

Mimi nasema kabla hujaitupa au kuiuza kwa hasara, ijaribu Linux bila kufuta chochote. Weka ISO kwenye diski, iwashe kutoka hapo, angalia kama wifi inashika, sauti inatoka, skrini iko sawa. Usipopenda, unafuta faili moja na maisha yanaendelea. Hata aliye na Windows pekee anaweza kuweka GRUB kando yake kwa programu kama Grub2Win. Huko nyuma Ubuntu ilikuwa na Wubi, kuanzia 2008, iliyojisimika ndani ya Windows kama programu ya kawaida, ikaachwa 2013. Wazo lilikuwa lile lile la enzi za UMSDOS: usimlazimishe mtu kuvunja nyumba ili aone kama anapenda rangi.

Na usifikiri hii ya programu huria ni kitu cha kuletewa tu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, hapo barabara ya kwenda Kapsabet, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mpango wa AMPATH ulipokua, rekodi zikazidi uwezo wa mfumo wa kwanza. Burke Mamlin na Paul Biondich wakaja hapa 2004, wakaona, wakaanza kuchora mpya. Ulipowashwa Eldoret Februari 2006, ndipo mahali pa kwanza duniani OpenMRS ilipofanya kazi. Leo iko kwenye hospitali za nchi nyingi, na mtu yeyote anaweza kuifungua na kuibadilisha. Ilianzia kwa shida ya hapa. Tunajivunia wakimbiaji, ni sawa, lakini hiyo pia ni medali ya Sisibo.

Usije ukanilaumu

Wacha niseme ukweli wa upande wa pili, maana nimeona watu wakiuza hii kama dawa ya kila kitu.

Moja, GRUB lazima iweze kusoma mahali ISO ilipo. Kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, GRUB itaona ukuta. Pia sehemu ya FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, na ISO ya Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6.

Mbili, Windows ikizimwa na ile hali ya kuwaka haraka, haijazimwa kikweli, imelala. Usiandike chochote kwenye sehemu yake. Soma tu.

Tatu, na hii ndiyo imewaliza wengi: usijaribu kufuta diski yote na kusimika Linux mpya wakati ISO iliyokuwasha iko kwenye diski hiyo hiyo. Hukati tawi ulilolikalia. Tenga kipande kidogo cha diski kwa ajili ya ISO, usimike kwenye kipande kingine.

Nne, diski ikifa kabisa, ISO inakufa nayo. Hii njia inaokoa mfumo uliovurugika. Haifufui kifaa.

Na ndiyo, weka nakala za akiba. Nimejifunza.

Jumapili ile mama alikaa na wenzake chini ya mti wa parachichi, mimi niko pembeni na laptopu kwenye waya mrefu uliotoka sebuleni. Nilisoma majina, wakahakikisha, kila mtu akapata chake, hakuna aliyebishana ila kwa faini. Walipomaliza, mama aliweka daftari jipya mbele yangu, lenye jalada gumu, na kalamu.

"Andika zote humu pia," akasema. "Hiyo yako nimeiona."

Niliandika, kurasa kumi na moja, kwa mkono. Daftari hilo bado liko ndani ya kabati lake, na ISO bado iko ndani ya diski yangu.